Sura ya Kumi na Moja: Kioo Kilichogeuzwa

Mvua iliamkia Doha siku ile ile ambayo Japheth alikuwa ameiombea jua.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2015. Katika mji ule mvua huja mara chache sana, na ikija watu wazima husahau umri wao. Wenye magari walishusha vioo wakatoa mikono nje. Mafundi wa ujenzi walisimama juu ya majukwaa wakaipiga picha kwa simu. Kwenye barabara ya kaskazini maji yalituama, kwa kuwa ardhi ile ngumu haikujua kuyanywa. Japheth peke yake hakutabasamu. Alikuwa akienda kwenye uwanja wa mbio za magari kufanya jaribio la kuendesha gari penye maji, na siku zote za mazoezi uwanja ulikuwa umeloweshwa kwa lori la tangi. Maji ya tangi alikuwa ameyazoea, akajua yanapoanzia na yanapoishia. Haya ya mawingu hakuyajua.

Japheth alikuwa dereva wa kampuni iliyobeba wageni wa hoteli na familia za wenye uwezo. Kampuni hiyo ilitaka mkufunzi mmoja wa kuwafundisha madereva wapya, naye ndiye aliyebaki baada ya wengine kuchujwa. Mkufunzi angepewa nyumba katika mtaa wa Al Wukair pamoja na kibali cha kuishi na mke. Dereva wa kawaida hakupewa nyumba wala kibali. Japheth alilala mtaa wa Abu Hamour, katika chumba cha wanaume, kitanda cha juu, akiwa amening'iniza shati lake la Jumapili kwenye msumari.

Na shati lile la Jumapili lilikuwa na sababu yake. Kanisani, kulekule Abu Hamour, miaka miwili kabla ya siku hii, msichana mmoja aliyekuwa mstari wa mbele wa kwaya aligeuka kuangalia ni nani aliyekuwa akiuharibu wimbo kwa sauti nzito namna ile. Macho yao yakakutana. Msichana akacheka, akarudisha uso mbele, kisha akageuka tena bila sababu. Huyo alikuwa Nasimiyu, muuguzi, mzaliwa wa Kimilili, umbali mfupi tu kutoka kijiji cha kina Japheth. Walikuwa wamesafiri mpaka ng'ambo ya bahari ili wapate kuonana.

Tatizo lilikuwa mama. Mama Milcah, mamake Nasimiyu, alikuwa amekuja kumtembelea binti yake kwa mwezi mmoja, na alikuwa ametamka msimamo wake siku ya kwanza, kabla hata hajafungua mfuko wa unga wa wimbi aliotoka nao nyumbani.

"Simpi binti yangu mtu anayelala kitanda cha juu," alisema. "Akipata nyumba, wajomba wa binti wataketi wamsikilize. Asipopata, na anyamaze."

Hata hivyo Japheth alikuwa na jambo moja la kumtia moyo, na jambo hilo mtu wa kabila jingine asingelitambua. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawatazamani usoni, hawali meza moja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima, nayo huanza pale posa inapotajwa. Mwezi mzima Mama Milcah alimkwepa Japheth. Kanisani alipita mlango mwingine. Japheth alipoleta samaki na matunda, aliviacha kizingitini akaondoka, na mama hakutoka mpaka lifti ifungwe. Wenzake walimhurumia wakidhani anachukiwa. Yeye alifurahi kimoyomoyo, kwa sababu alijua kwamba mama hamkwepi mtu asiyemhesabu kuwa mkwe.

Alipofika uwanjani, Ndirangu alikuwa amejikinga chini ya paa la gereji, mikono mfukoni. Ndirangu alikuwa rafiki yake, Mkikuyu kutoka Nyeri, mwenye ulimi usiopumzika. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuendesha gari la kufuata nyuma.

"Buda, unaona hii mvua?" alisema. "Hii ni mvua ya Nyeri. Imekuja kuniona mimi. Wewe endesha tu."

"Usinifuate karibu sana."

"Nitakufuata kama deni. Ndiyo kazi yangu. Nikiwasha taa, nipishe upande wa kulia, kama unavyopisha wale wenye haraka kule barabarani. Usiponipisha, Mwalimu Cyrus anakukata. Unajua hana mchezo yule."

"Najua."

"Na abiria wako wako wapi?"

Jaribio hilo lilikuwa na desturi yake. Dereva alitakiwa kuja na abiria wawili wa kwake, wakae kiti cha nyuma. Cyrus, mkufunzi mkuu, Mjaluo mwenye mvi za mapema, alikuwa amekataa kupakia magunia ya mchanga. Kazi hii, alisema, ni ya kubeba mama za watu. Japheth alikuwa amemwomba Nasimiyu aje na rafiki yake Kwamboka, muuguzi mwenzake.

Teksi ilisimama. Nasimiyu alishuka kwanza, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha rangi ya zambarau, akamtazama Japheth kwa macho yaliyoomba msamaha kabla mdomo haujasema lolote. Nyuma yake, taratibu, akishika mlango kwa mikono miwili, akashuka Mama Milcah. Papo hapo mama akavuta leso yake kichwani, akaufunika uso na kugeukia ukutani. Japheth naye akageukia upande wa pili.

"Kwamboka ameitwa zamu," Nasimiyu alinong'ona alipomkaribia. "Mama akasema atakuja yeye. Nilimkatalia."

"Ulimkatalia vipi?"

"Nilimwambia ni hatari. Akaniambia aliyenizaa kwenye tuta la mahindi haogopi maji."

Japheth alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Nasimiyu, mimi siwezi kumpakia mama."

"Mbona nyumbani hupakiwa? Atakaa kiti cha nyuma amejifunika. Wewe utageuza kile kioo. Si ndivyo wafanyavyo akina mjomba?"

Ndivyo walivyofanya, kweli. Kule kwao, mtu akilazimika kumbeba mama mkwe, kioo cha katikati hugeuzwa kutazama paa, safari ikaenda kimya. Lakini kule kwao hakuna aliyefuatwa na gari lenye taa penye utelezi.

Kutoka ukutani sauti ya Mama Milcah ikaja, haikumlenga yeyote. "Nasimiyu, mwambie huyo kijana nimekuja kuona mikono itakayokushika. Kama hataki nione, aseme."

"Mwambie mama karibu garini," Japheth akajibu, akiangalia viatu vyake.

Cyrus akaketi kiti cha mbele, ubao wa alama magotini. Wanawake wakaingia nyuma. Japheth akafunga mkanda, akashika kioo cha katikati kwa vidole viwili, akakigeuza mpaka hakikuonyesha kitu ila kitambaa cha paa. Cyrus alikitazama kioo, akamtazama Japheth, akayapeleka macho nyuma kwa yule mama aliyejifunika.

Landikruza ikaingia uwanjani.

Penye maji gari husema na dereva kwa njia ya viganja. Usukani ukiwa mzito, tairi zimeshika lami. Ukiwa mwepesi ghafla, kama sufuria iliyodhaniwa ina chakula kumbe ni tupu, tairi zinaelea, na hapo anayekanyaga breki amejimaliza. Japheth alilijua hilo mwilini. Kona ya kwanza aliipita kwa mwendo laini, akiiepuka mistari myeupe ambayo ikilowa huteleza kama sabuni. Kwenye bonde dogo ambako maji yalikuwa yametuama, aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushikilia usukani bila kuubana, akasubiri. Gari likaelea kidogo, likatua, likaendelea.

"Vizuri," Cyrus alisema.

Nyuma, Mama Milcah alimwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Muulize kama ndivyo alivyofundishwa, kusubiri."

"Mama, asisemeshwe akiendesha."

"Sijamsemesha. Nimekusemesha wewe."

Ndirangu alikuwa amekwisha kuwasha taa. Aliwasha, akazima, akawasha. Vioo vya ubavuni vilikuwa vimefunikwa na matone na ukungu wa maji yaliyorushwa na tairi, na Japheth hakuona ndani yake ila rangi ya kijivu. Kioo ambacho kingemwonyesha kilikuwa kinatazama paa.

"Nyuma," Cyrus alisema.

Japheth akatazama kioo cha kushoto. Kijivu. Cha kulia. Kijivu.

"Japheth, nyuma."

Ndipo honi ikalia karibu sana, na hofu ikamwingia mkononi. Akauvuta usukani kulia kwa ghafla, katikati ya kona, mahali ambapo hakuna mwenye akili huvuta usukani. Sehemu ya nyuma ya gari ikamwacha. Uwanja ukazunguka, majukwaa ya watazamaji yakapita kwenye kioo cha mbele, kisha anga, kisha taa za Ndirangu zikija na kukwepa. Nasimiyu aliita jina lake mara moja. Gari lilisimama kwenye changarawe, limegeukia lilikotoka, na mvua ikaendelea kupiga paa.

Hakuna aliyeumia. Mama Milcah, ambaye leso ilikuwa imemteremka, aliirudisha usoni haraka, na tendo hilo dogo Japheth hakuliona. Nasimiyu aliliona, akaliweka moyoni.

Walirudi gereji kwa mwendo wa pole. Cyrus alimngoja Japheth mpaka wakawa wawili tu kando ya matairi yaliyopangwa.

"Nimekuangusha," alisema. "Unajua ni kwa nini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ningekuwa mimi, ningekigeuza pia. Mamake mke wangu, huu mwaka wa kumi na tisa, sijui rangi ya macho yake. Na mimi pia ningeanguka." Alikuna kidevu. "Lakini familia utakayoibeba haitajua mambo ya kwetu. Itajua tu kwamba dereva hakuona nyuma."

"Naelewa."

"Nakupa mara moja zaidi. Ukatae au ukubali, ni wewe. Kioo kitakuwa mahali pake. Abiria ni wale wale, sibadilishi, ama wenzako watasema nimekupendelea. Nami nikisema 'nyuma', nataka kuyaona macho yako kwenye kioo. Nitakuwa nayaangalia macho, siangalii barabara. Fikiria, uje uniambie."

Japheth alitoka nje ya paa, akasimama mvuani bila kujua kwamba ametoka. Nasimiyu alimfuata. Maji yalimchuruzika msichana kutoka kwenye nyusi mpaka mdomoni, naye hakuyafuta.

"Amekwambia nini?"

"Nirudie. Kioo kikiwa sawa."

"Usirudie."

"Nasimiyu, nimeshindwa. Umeona."

"Umeshindwa vizuri." Alimkaribia, lakini hakumshika, kwa kuwa mama yake alikuwa akionekana kwenye kiti kule gereji. "Nisikilize. Ulipogeuza kile kioo, Mama alivuta pumzi. Nilikuwa kando yake, nilisikia. Na gari lilipozunguka, jambo la kwanza alilofanya ni kujifunika asikuone. Alikuwa anafikiria kufa, na bado akajifunika. Unajua maana yake? Nipe usiku mmoja na mama yangu. Nitamwambia, huyu ameacha nyumba kwa ajili ya heshima yako. Atajibu nini?"

"Atajibu nikulaze wapi."

"Nitangoja."

"Mpaka lini? Mkataba wangu una mwisho. Wako pia."

"Nitangoja, Japheth. Nimesema mimi, si mama."

Msomaji, yapo maneno ambayo mwanamke huyasema mara moja maishani, na mwanamume akiyasikia anapaswa kuketi chini. Japheth aliyasikia akiwa amesimama. Alikuwa akiyaona madirisha ya nyumba ya Al Wukair. Aliona ule msumari wa shati. Aliwaona wenzake waliokuwa wakimchungulia kutoka gerejini.

"Sitaki uolewe na mtu aliyeshindwa," alisema.

Kitu fulani usoni mwa Nasimiyu kikarudi nyuma hatua moja.

"Hilo ni lako," akasema. "Langu nimekwambia."

"Nitakitazama kioo bila kumtazama mama. Nitaangalia pembeni yake."

"Kioo ni kidogo, na yeye anakaa katikati."

"Basi mwombe ajifunike. Akijifunika uso, nitakuwa nimetazama leso tu. Nani atanilaumu kwa kutazama leso?"

Nasimiyu alirudi ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akazungumza naye kwa lugha yao, mikono yake juu ya magoti ya mama. Mama Milcah alisikiliza hadi mwisho. Alimpangusa binti yake maji shavuni kwa ncha ya leso, kwa upendo mkubwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali.

"Mwambie sawa," alisema. "Aendeshe."

Basi wakaingia garini mara ya pili. Japheth alikirudisha kioo mahali pake huku akitazama dirishani. Wakatoka. Mvua ilikuwa imezidi, waipa zikafuta na kufuta bila kumaliza. Kona ya kwanza ikapita. Bonde la maji likapita. Usukani ukawa mwepesi, yeye akangoja, ukawa mzito.

"Nyuma," Cyrus alisema.

Japheth akainua macho.

Mama Milcah hakuwa amejifunika. Leso alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka mapajani, kichwa chake chenye nywele fupi kikawa wazi, na macho yake yalikuwa yamekwisha kutulia ndani ya kile kioo yakimngoja. Yalikuwa macho ya Nasimiyu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Macho yale yale ya mstari wa mbele wa kwaya, yaliyozeeka na kukauka.

"Mama, funika uso," Nasimiyu alisema.

"Kwa nini? Nimepanda gari. Abiria hafuniki uso." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike Doha, alimsemesha Japheth mwenyewe, bila mtu wa tatu. "Habari yako, Japheth."

Cyrus aligeuza shingo nusu, kisha akairudisha. Sheria ilikuwa yake, naye hakuwa na pa kujificha. "Nyuma," alisema tena, kwa sauti ya mtu aliyejichoka.

Taa za Ndirangu zilimulika juu ya bega la mama. Japheth aliziona, akatoa ishara, akahamia kulia kwa ulaini uliofanya hata mkufuu wa Nasimiyu usitikisike. Ndirangu akapita akirusha maji.

"Unaendesha vizuri," Mama Milcah alisema. "Baba yake Nasimiyu naye aliendesha vizuri. Malori ya masafa, Mombasa hadi Kampala. Hukujua? Binti yangu haelezi watu. Tulimzika wajane watatu, mimi na wengine wawili nisiowajua. Sote tulivaa nyeusi, tukaangaliana kaburini kama watu waliokutana kituo cha posta."

"Mama, basi," Nasimiyu alisema. "Mama, nakuomba."

"Nyuma," Cyrus alisema.

Japheth akatazama. Yale macho hayakuwa yameondoka.

"Na mikono yako haitetemeki," mama akaendelea. "Nakusemesha maneno haya kwenye utelezi na haitetemeki. Yake pia haikutetemeka. Alikuwa akinidanganya huku anageuza gia. Ni kipaji, nadhani. Mwanamume mwingine angesimamisha gari."

Hapo Japheth alijua kwamba anapewa mlango. Angeweza kuondoa mguu, kuliacha gari lijifie polepole kando ya lami, kukigeuza kioo kitazame paa na kushuka akanyeshewe. Angekuwa ameshindwa, na angekuwa mkwe. Aliuona mlango huo wazi kama alivyoiona kona iliyokuwa mbele yake. Lakini mguu wake ulikuwa umefundishwa kwa miezi mingi kutofanya jambo lolote kwa ghafla, nao haukufanya. Akaipita kona. Akalivuka bonde. Akaingia gereji, akasimamisha gari katikati ya koni mbili bila kuzigusa, akazima injini.

Garini zilisikika pumzi za mtu mmoja tu anayejizuia kulia, na mtu huyo hakuwa mama.

"Umefaulu," Cyrus alisema. Aliandika, akafungua mlango, akasita. "Samahani, ndugu yangu," akaongeza, akaondoka haraka.

Madereva waliokuwa chini ya paa walianza kupiga makofi. Kulikuwa na Wakenya, Waganda, Wanepali na Wamisri, na wote walipiga makofi kwa moyo mweupe, kwa kuwa walimpenda. Ndirangu alipuliza filimbi kwa vidole. Katikati ya shangwe hiyo Mama Milcah alishuka, akajinyoosha mgongo, akalizunguka gari mpaka aliposimama Japheth. Hakuvuta leso. Hakugeuza uso. Alimfikia karibu, karibu kuliko alivyowahi kufika, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Hongera, mwanangu," alisema kwa sauti iliyowafikia wote. "Hongera kwa kazi mpya."

Japheth aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto.

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini?"

"Usinipe mkono."

"Utaniacha na mkono hewani mbele ya wenzako?" Alitabasamu, na tabasamu hilo halikuwa na hasira, jambo lililolifanya kuwa baya zaidi. "Macho yako yamekwisha kunigusa. Mikono inaogopa nini?"

Japheth alimtafuta Nasimiyu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, kiganja juu ya paa lililolowa, akiutazama mkono wa mama yake jinsi mtu anavyoutazama mlango unaofungwa na upepo huku yeye yuko mbali. Alitikisa kichwa kidogo. Labda alimaanisha, usiupokee. Labda alimaanisha kwamba yamekwisha. Japheth hakuwa na muda wa kumuuliza. Makofi yalikuwa yameanza kupungua, mzee wa watu alikuwa amesimama mkono umenyooka, na hata mtu aliyefukuzwa amelelewa asimwaibishe mzee.

Aliutoa mkono wake, akaupokea.

Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto, wenye sugu za jembe. Mama Milcah hakuuharakisha. Aliutikisa kama anayemsalimu mwalimu wa shule ya jirani, mtu mwema asiyemhusu, kisha akauachia. Makofi yakalipuka upya.

"Sasa nimekujua, dereva," alisema kwa upole, akaenda kutafuta teksi.

Japheth alilizunguka gari. Nasimiyu hakumkimbia, wala hakumsogelea.

"Nimeipata nyumba," Japheth alisema. Lilikuwa neno la kijinga, lakini hakuwa na jingine.

"Ndiyo. Ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Utalala vizuri."

"Nasimiyu. Nilifanya kwa ajili yako."

"Hapana. Kwa ajili yangu nilikuomba ushindwe." Sauti yake haikupanda. Aliinama akaitoa leso ya mama yake kwenye kiti cha nyuma, akaikung'uta, akaikunja tena, ingawa ilikuwa imekunjwa tayari. "Ungeshuka kwenye kile kitanda cha juu, ukanishika mkono na huna chochote, ningekuja. Nilikuwa nimeshajiandaa kuja. Sasa nitakuja kwa nani? Mama yangu amekupa mkono, Japheth. Nikikufuata leo, nitakuwa nimeolewa na mtu wa nje, bila wajomba, bila hata mmoja wa kulia siku nikifa. Na wewe ndiye uliyeupokea."

"Ungetaka nimwaibishe?"

"Ningetaka usimamishe gari."

Aliondoka. Teksi ilikuwa imekwisha kugeuka, mama akiwa ndani, mlango wa pili wazi. Nasimiyu aliingia bila kutazama nyuma, na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, kama wanavyofunga milango watu waliolelewa vizuri.

Ndirangu alikuja mbio akaruka dimbwi, akamkumbatia Japheth kwa nguvu mpaka kofia yake ikaanguka majini.

"Mwalimu," alisema akicheka. "Mwalimu wangu. Manze, umeona vile yule mama amekupa mkono mbele ya watu wote? Mwezi mzima anakununia, leo amekuja mwenyewe. Kwetu mtu akipewa mkono hivyo, jioni mbuzi anafunguliwa kamba. Harusi ni lini? Sema lini, ninunue suti."

Japheth alikuwa akiitazama ile teksi. Ilikuwa imetoka kwa kasi kwenye njia ya mchanga na kuingia barabara kuu, na mbele yake, pale lami ilipobonyea, maji yalikuwa yametanda upana wote. Dereva wake hakupunguza. Hakujua. Wachache sana katika mji ule walijua.

"Atoe mguu," Japheth alisema. "Asishike breki. Atoe mguu tu."

"Nani?"

Teksi iliingia majini. Sehemu ya nyuma ikasita, ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na Japheth akajikuta amepiga hatua, mkono umeinuka, kinywa kimefunguka ili aite. Lakini alipotafuta jina la kuita, hakulipata. Mama mkwe hakuwa tena naye. Mchumba hakuwa naye. Wale waliokuwa garini walikuwa abiria, tena abiria wa mtu mwingine.

Gari likajinyoosha lenyewe, likakaa sawa, likaenda zake.

"Waite basi, wakungoje," Ndirangu alisema, akimsukuma bega. "Mbona umesimama?"

Na Japheth akaendelea kusimama, mkono bado uko juu, mvua ikimwingia katika mkono wa shati mpaka ubavuni.